Kilio kisichoondolewa: desturi, uchungu na picha katika harakati za vijana wa Goma

Ndani ya kijitabu kama hiki, watu wamezoea kusoma juu ya mahari, juu ya kupewa majina kwa watoto, juu ya ngoma na michezo ya zamani. Ni vizuri, na sisi pia tunayasoma. Lakini kuna desturi moja ambayo kila mutu wa Goma anaifanya, awe Mnande, Mhunde, Mshi, Mrega, Mnyanga, Mhutu ao Mtutsi, awe Mkatoliki, Muprotestanti ao Muislamu, na ambayo watu wachache wanaiandika ju tunakutana nayo karibu kila juma. Desturi hiyo ni kilio. Tangu miaka zaidi ya kumi, kilio kimetoka ndani ya viwanja vya nyumba zetu na kimeingia barabarani. Harakati za vijana wa muji huu, zile tunazoita kwa Kifaransa « mouvements citoyens », zimeishi sana kwa nguvu yake. Hapa tunataka kupima vitu viwili: vijana wamechukua nini ndani ya kilio, na wameacha nini. Tunaona kama kile walichoacha ndicho kilikuwa cha lazima zaidi, na tutajaribu kuonyesha ju ya nini.

Tuanze na kilio chenyewe, maana wengi wetu tunakwenda pale, tunakaa kwenye kiti cha plastiki, tunakunywa chai, tunarudi, bila kuangalia mupango wake.

Kwanza ni habari. Zamani mjumbe alitembea kutoka kilima hata kilima. Mujini kazi ile ilichukuliwa na redio. Familia inaandika karatasi, inalipa, na mtangazaji anasoma: jina la marehemu, watoto wake, wakwe zake, ndugu walio Butembo, walio Bukavu, walio Kisangani, na kisha maneno ambayo hayakosekani hata siku moja: « kilio kinafanyika kwake, avenyi fulani, kartie fulani ». Musomaji aangalie neno hili vizuri, tutalirudilia. Tangazo la kifo halimalizike bila kutaja fasi. Anayesikia anajua wapi atapeleka miguu yake.

Kisha ni kukaa. Meza na viti vya ndani vinatoshwa inje, mikeka inatandikwa, na wamama wa nyumba wanakaa chini. Inje, juu ya mawe yetu meusi ya volkeno, wanaume wanawasha moto chini ya hema na wanalala pale usiku mutatu ao zaidi. Mwenye gari na mwenye chukudu wanaotea moto mumoja. Watu wanaweza kusema wanayotaka juu ya umasikini wa muji wetu, lakini hatujaona mutu aliyefukuzwa kwenye kilio ju hana viatu.

Kisha ni kaye. Kwenye meza kidogo karibu na mulango kunakaa kijana mwenye kalamu, na kila mutu anayeingia anaandikwa: huyu ameleta franka elfu mbili, huyu mufuko wa makala, huyu maharagwe, huyu bidon mbili za maji. Hii sio biashara. Maana yake ni kama mufiwa hawezi kulia na njaa. Wale wanaokuja kulia pamoja naye ndio wanabeba chakula.

Halafu kunakuja maziko, na wengi wanafikiri kama mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Siku kadiri ya desturi ya kila familia zinapita, na watu wa karibu wanarudi kuondoa kilio. Ndugu zetu wanaosema Kinyarwanda wanaita siku ile « gukura ikiriyo », neno ni lile lile moja. Watu wananyoa, wananawa, wanazima moto. Lakini kazi kubwa ya siku ile ni maneno. Kaye linasomwa kwa sauti, jina kwa jina. Feza zilizobaki zinahesabiwa mbele ya wote. Muzee anauliza: nani alikuwa na deni kwa marehemu? Marehemu alikuwa na deni kwa nani? Hospitali imelipwa? Mujane atakaa wapi? Watoto watasoma kwa feza ya nani? Na mara nyingi kuna lile ulizo lingine, ambalo kila mutu alikuwa analiogopa tangu siku ya kwanza: ndugu yetu alikufa namna gani? Siku ile watu wanagombana. Wengine wanatoka na hasira na hawasemeshane tena mwaka muzima. Hakuna mutu anapiga picha siku ya kuondoa kilio, maana hakuna kitu cha kuonyesha: ni watu kumi na tano ndani ya sebule, na karatasi. Lakini bila siku hiyo mujane anabaki mujane wa barabarani.

Sasa tuangalie barabara.

LUCHA, ni kusema « Lutte pour le changement », ilizaliwa Goma munamo mwaka wa 2012, mwaka ule ule ambao M23 iliingia mujini mara ya kwanza, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja. Vijana wale walidai maji, barabara, kazi na amani. Hawakutaka kuwa na mukubwa mumoja, hawakutaka kuandikwa kwa serkali kama chama. Na walikuwa na ginsi yao ambayo muji ulijifunza haraka: polisi ikifika, hawakimbie, hawatupe mawe, wanakaa chini.

Wao wenyewe wanasema wamefuata mifano ya Gandhi na ya Martin Luther King, na hatubishi. Lakini mama muuza ndizi aliyekuwa anapita hapo na beseni yake hakumusoma Gandhi. Aliona watoto wamekaa chini kwenye vumbi, wamenyamaza, na akatambua kile anachokijua: hivi ndivyo wanakaa wafiwa. Akasimama. « Banalia nani? » Hilo ndilo ulizo ambalo harakati yoyote ingelipa feza nyingi ili watu waulize, na LUCHA iliipata bure, kwa sababu ilikalia mukeka ambao sisi wote tumekalia. Hata askari ametoka kwa mama. Kumupiga mutu anayekimbia ni rahisi, lakini kumupiga aliyekaa chini kama mufiwa kunataka roho ya namna ingine. Walipigwa hata hivyo, mara nyingi, na wakapelekwa Munzenze. Lakini muji uliona, na uliwahesabu kuwa watoto wake.

Tuseme kidogo, kwa mbio, kama desturi haina mwenyewe. Wale wa umri wetu wanakumbuka « animation » ya wakati wa Mobutu: nyimbo na ngoma mbele ya kazi na mbele ya masomo, makofi kwa kipimo, na kila jioni televisheni ikionyesha Raisi akishuka kutoka mawinguni. Ilikuwa desturi, ilikuwa na uchungu na furaha za kutengenezwa, ilikuwa na mitambo ya habari, na ilifanya kazi ya kumutukuza mutu mumoja. Salongo pia ilikuwa amri. Vijana wa LUCHA walipochukua mifagio na kusafisha barabara kwa mapenzi yao, walichukua neno la Mobutu na kuligeuza mavazi. Hilo lilitupendeza sana. Lakini linaonyesha pia kama ginsi ile ile ya kukusanya watu inaweza kumutumikia yeyote anayeikamata, na ndiyo sababu tunapenda ipimwe.

Mufano mukubwa zaidi ni « ville morte ». Neno lenyewe linasema: muji uliokufa. Maduka yanafungwa, mataxi-moto yanalala, Birere inanyamaza. Muji unakuwa maiti na mufiwa kwa siku moja. Ginsi hii haikuanzia kwetu; tulianza kuisikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa kudai demokrasia chini ya Mobutu. Tarehe 16 mwezi wa pili 1992 Wakristo waliandamana Kinshasa, na askari wakawaua watu. Ndiyo sababu upinzani, ulipoita « ville morte » munamo 2016, ulichagua tarehe ile ile. Ilikuwa ukumbusho, kama misa ya mwaka.

Usiku wa kuamkia siku ile, vijana sita wa LUCHA walikamatwa hapa Goma, kati yao Rebecca Kabugho. Walikuwa wanatengeneza vitambaa vya kubeba. Tunapenda kukaa kidogo juu ya vitambaa vile. Juma moja mbele, tarehe 7, Léopards walikuwa wameshinda Mali 3 kwa 0 kule Kigali na kuchukua kombe la CHAN. Wale waliokuwa Goma usiku ule wanajua: hakuna aliyelala, watu wasiosalimiana walikumbatiana, na mupaka ulijaa watu waliotoka Kigali wakiimba. Kitambaa cha vijana kilisema, kwa kifupi, kama tumeshinda kombe basi tushinde na demokrasia. Kwetu hilo lilikuwa wazo la akili kupita mengine yote ya harakati ile, ju kwa mara moja walijaribu kusimama juu ya furaha, na furaha haiombe maiti. Mahakama ilikisoma kitambaa kama uchochezi. Walipewa miaka miwili, na kwa rufaa miezi sita. Kitambaa hakikutembea barabarani. Kilichotembea ni sura za waliofungwa. Munamo 2017 Rebecca alipewa zawadi Washington kwa uhodari wake, na alistahili. Lakini tuangalie kilichotokea: furaha ilifungwa usiku, na asubuhi tulirudi kwenye uchungu, na picha ikatosheka.

Turudi kwa « ville morte » yenyewe, maana hapo tuna lawama. Ndani ya kilio cha kweli, tumesema, wanaokuja ndio wanaleta chakula. Ndani ya « ville morte » mama wa Birere anayekula kwa yale anayouza siku ile ile anaambiwa afunge, na hakuna anayemuletea hata kilo moja ya unga. Siku moja anaweza kuvumilia. Munamo mwezi wa nne 2021, wakati wa kudai MONUSCO iondoke na mauaji ya Beni yakome, miji yetu ilifungwa siku nyingi zikifuatana. Siku ya kwanza mama yule alifunga kwa uchungu. Siku ya tatu alifunga kwa kuogopa mawe ya vijana waliosimama kwenye barabara na mataili yanayoungua. « Banasema ni ju yetu, sasa batoto batakula nini? » Ukiacha kaye la michango, kilio kinageuka kodi, na masikini ndiye anayelipa. Hatujasikia kundi hata moja, kati ya yote yaliyoita « ville morte », lililoweka meza na kalamu kwenye kona ya kartie ili mwenye duka amuletee mwenye beseni. Ilikuwa jambo rahisi. Lilikuwa ndani ya desturi ile ile waliyoikopa.

Mwezi ule ule wa nne 2021, Beni ilitupa mufano mwingine, na huo ulitugusa sisi walimu kupita wengine. Wanafunzi walikwenda kwenye mairie, wakaketi, na wakalala pale usiku na usiku wakiomba Raisi wa inchi aje aone. Tangu mwezi wa kumi 2014 watu walikuwa wanachinjwa kando kando ya muji ule. Watoto wale walifanya kile walichoona nyumbani: kama kuna kifo, unalala pale. Wamama walianza kuwaletea chakula. Tazama, kaye lilirudi lenyewe, bila mutu kuliita! Mwishoni polisi iliwatawanya. Kati ya yote tuliyoyaona katika miaka hii, hilo lilikuwa kilio kilichokamilika zaidi, na lilifanywa na watoto ambao hawakuwa na « stratégie ».

Sasa mitambo ya habari. Wako wanaosema simu imeharibu kila kitu. Hatuko kati yao. Bila simu, mengi yaliyofanyika hapa yangebaki chini ya mawe ya volkeno. Na serkali yenyewe ilikiri nguvu ya simu ilipokata intaneti mwezi wa kwanza 2015, wakati watu walikataa sheria mupya ya uchaguzi, na tena mwishoni mwa 2017 na mwishoni mwa 2018. Lawama yetu ni ingine. Tulisema kama tangazo la redio halimalizike bila kutaja fasi. Picha inayofika ndani ya WhatsApp haina fasi. Haisemi « kilio kinafanyika kwake ». Inakukuta ukiwa jikoni, ama ndani ya bisi, ama darasani chini ya meza (tunawaona), na inakuomba jambo moja tu: ulie sasa, na umutumie mwingine. Unabonyeza kidole, na uchungu umekwisha kutumwa. Redio ilikuomba miguu, simu inakuomba kidole.

Tena picha inachagua. Ndani ya kilio kuna vitu vinavyoonekana: machozi, jeneza, kitambaa kimoja kwa wamama, fulana yenye sura ya marehemu. Na kuna vitu visivyoonekana: kaye, deni, ulizo la muzee. Kamera inakula vya kwanza na haijui vya pili. Polepole harakati zenyewe zimeanza kutengeneza kile ambacho kamera inapenda. Kampeni ya maji, kwa mufano, ambayo LUCHA iliianza katika miaka yake ya mwanzo, ilikuwa na haki kabisa: muji uko kando ya ziwa Kivu na wamama wanabeba bidon za njano kilometa na kilometa. Ilikuwa na madai yanayohesabika, bomba ngapi, kartie zipi. Lakini maji hayana jeneza, na sio mara nyingi tuliona picha zake zikitembea kama zile za vifo.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 mwezi wa sita 2018, Luc Nkulula, mumoja wa vijana waliosikika zaidi ndani ya LUCHA, alikufa kwa moto uliounguza nyumba yake hapa Goma. Wenzake waliomba uchunguzi ulio huru. Kwa siku zile muji wote ulikuwa na kilio kimoja, na sura yake ikawa juu ya fulana na ndani ya simu za watu. Miaka kadhaa nyuma, katika somo la uraia, tuliuliza darasa la sita nani anamujua. Wengi walijua sura. Tukauliza alikuwa anadai nini. Mumoja alisema « amani », mwingine akasema « alikufa ju ya inchi ». Kuhusu maji, barabara, kazi, hakuna aliyenena. Watoto wale hawana kosa. Walipewa fulana, hawakusomewa kaye.

Tarehe 30 mwezi wa nane 2023 inatupa mufano ulio muzito kupita yote, na tunauandika kwa heshima ya waliokufa. Kundi moja la dini, ambalo watu walilijua kwa jina la Wazalendo na lililokuwa na redio yake, Uwezo wa Neno, liliita watu waandamane juu ya MONUSCO na majeshi mengine ya kigeni. Desturi, uchungu na redio vilikuwa nyumba moja: waliosali pamoja ndio walisikia sauti moja hewani na ndio walitaka kutoka pamoja asubuhi. Mbele ya mapambazuko askari walifika kwenye redio ile na kuwaua watu. Siku ile ilikula zaidi ya watu 50. Jioni video ilizunguka dunia: askari wakitupa maiti ndani ya lori, kama magunia.

Tunajua watu waliotazama video ile mara kumi. Ilifanya kazi yake, ju bila ile labda wangesema hakuna kitu kilitokea. Na kwa mara moja kitu kilifuata ambacho kilifanana na kuondoa kilio: mahakama ya kijeshi ilikaa Goma, mbele ya watu, majina yalitajwa, askari walijibu, na tarehe 2 mwezi wa kumi kolonele Mike Mikombe alihukumiwa kifo, na wenzake watatu miaka kumi. Watu walifuata kesi ile siku kwa siku. Wengi waliona imekwisha pale. Lakini mahakama ilijibu ulizo moja tu, lile la nani aliua. Yale mengine ya muzee yalibaki: mujane, karo ya watoto, na hata lile ulizo gumu la upande wetu, ambalo hakuna harakati ilipenda kulisema kwa sauti: nani aliwaita watu watoke, alijua nini juu ya hatari, na alirudi kwa familia zao kusema nini? Ndani ya familia, aliyemutuma mutoto safari naye anaulizwa siku ya kuondoa kilio. Haulizwe kama muuaji. Anaulizwa kama ndugu.

Wasomaji wanaweza kusema tunaomba kitu kisichowezekana. Hebu tuvuke mupaka kidogo, mpaka Nairobi. Mwezi wa pili 1992, wamama wa wafungwa wa siasa walikaa ndani ya Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakafunga chakula. Walikuwa na orodha ya wafungwa 52. Tarehe 3 mwezi wa tatu polisi iliwashambulia, na wamama wazee walivua nguo mbele ya askari, ambayo ni laana kubwa kwao kama ingekuwa kwetu. Gazeti na televisheni za dunia zilichukua tendo lile, na mpaka leo ndilo linalotajwa. Kinachosahaulika ni yale yaliyofuata. Wamama waliingia ndani ya kanisa kuu la All Saints, na wakaa pale karibu mwaka muzima, siku ambazo nyingi hakuna aliyekuja kuwapiga picha. Walikuwa na orodha yao. Mwanzoni mwa 1993 karibu wote waliokuwa ndani yake walikuwa wameachiliwa. Kwa kuvua nguo walipata kusikiwa. Kwa orodha walipata watoto wao. Wanaoandika juu ya harakati, na hapa tunawahesabu pia wataalamu wanaokuja kutoka Ulaya kutuuliza maulizo kwa lisaa limoja ndani ya hoteli, wanapenda kukaa kwenye mwezi wa tatu 1992 na kuruka mwaka uliofuata.

Lawama nyingine ambayo tumekwisha kuisikia, na hiyo tunaiogopa zaidi, ni hii: utaondoa kilio namna gani wakati kifo hakijasimama? Beni haijapona, Rutshuru na Masisi hazijapona, na mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia tena ndani ya Goma yenyewe. Tarehe 13 mwezi wa pili mwaka ule mwimbaji Delcat Idengo alipigwa risasi hapa mujini, na picha yake ikatembea mbele hata ndugu wengine hawajajua. Kijana wa LUCHA anaweza kutuambia: muzee, tuko mbio kuzika, hatuna wakati wa kuhesabu. Ulizo lake ni la haki, na mwalimu aliyekaa kwenye meza yake hana ruhusa ya kulijibu kwa urahisi.

Tutasema tu yale tuliyoyaona ndani ya kartie. Katika siku zile za mwezi wa kwanza na wa pili 2025, maiti nyingi zilizikwa kwa haraka, mamia kwa mamia, nyingine bila majina. Familia zilikosa jeneza, zilikosa misa, zilikosa hata kujua shimo. Hakukuwa na hema wala moto usiku. Miezi ilipita. Halafu, bila tangazo la redio, kwa maneno ya mudomo tu, tulianza kuitwa: njoo juma la mungu nyuma ya ibada, tunaweka kilio cha fulani. Tulikuta mikeka chini, picha moja ya pasipoti juu ya kitambaa cheupe, na kwenye mulango meza kidogo na kijana mwenye kalamu. Tuliandikwa. Siku iliyofuata, ndani, watu walikaa na kuulizana aliyeonekana naye mara ya mwisho ni nani, alikuwa amevaa nini, feza ya nyumba imelipwa mpaka mwezi gani. Muzee mumoja aliomba simu zote ziwekwe ndani ya kikapu. Mudogo wa marehemu alisoma kaye lote, kutoka jina la kwanza hata la mwisho, na alipofika kwa jirani aliyeleta bidon moja ya maji alisoma ile pia.